Nyuma ya Jiko Pana Shamba



Kila mwezi hupita mezani kwangu karatasi nyingi za kahawa, chai, makadamia na maziwa. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, nami huziandika hesabu hizo kwa furaha, maana ndizo zilipazo karo za shule. Lakini sijaona hata karatasi moja yenye kuuliza: leo watoto wa nyumba hii wamekula mboga gani, nayo imetoka wapi?

Mtu ana ekari zake mbili tatu katika skimu, amejaza mazao ya kuuza kila upande. Ikifika jioni, mtoto hutumwa sokoni kununua sukuma wiki iliyokwisha nyauka. Ukimwuliza mwenye nyumba kwa nini hapandi mboga pale nyuma ya jiko, atakujibu, "Pale ni kivuli kitupu, hapaoti kitu." Jibu hilo si kweli, na leo nataka tulipime.

Shida hii si mpya. Skimu ya mpunga ya Mwea ilianzishwa miaka ya 1950, wakati Mwea ilipokuwa katika Wilaya ya Embu. Leo mashamba yale yako Kaunti ya Kirinyaga. Kila mwenye shamba alipewa ekari 4 za mpunga. Mwaka 1973 kilitolewa kitabu juu ya Mwea, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris, na ndani yake mna sura juu ya wanawake na uchumi wa nyumba. Mpunga ulileta fedha, lakini akina mama walikosa mahali pa kutosha pa kupanda chakula cha nyumbani, na kuni zikawa taabu. Vitu ambavyo zamani vilitoka shambani mwao, sasa viliwabidi wavinunue, na fedha za mpunga zilikuwa mkononi mwa bwana. Sisi tulio katika skimu za leo tungejifunza hapo.

Sisemi haya kama mtu asiyekosa. Mimi nilisomea ualimu, na mwalimu hupenda kufundisha kabla ya kujifunza. Nilipojenga nyumba yangu, nilipanda nyanya chini ya miti nyuma ya jiko. Zilirefuka kama kamba, majani yakaingia madoa meusi, na mvua ilipozidi zikaoza zote. Nikasema mahali pale ni pabaya. Mke wangu hakubishana nami. Alitia samadi, akamwaga mbegu za terere, na mahali yanapopita maji ya kuoshea mboga akachomeka nduma. Baada ya wiki chache tulikuwa tukila mboga kutoka mahali nilipopaita pabaya.

Basi kosa lilikuwa nini? Nilichagua mmea usiofaa. Mboga tunayokula tunda lake, kama nyanya, pilipili hoho na maharagwe, hutaka jua la saa sita au zaidi kila siku. Lakini mboga tunayokula majani yake huridhika na jua la saa tatu au nne. Sukuma wiki, spinachi, terere na managu zitakua, ingawa polepole kuliko juani. Dania hata hupenda kivuli kidogo, kwa maana katika jua kali hukimbilia kutoa maua na mbegu kabla hujashiba majani yake. Nanaa ya kutia katika chai, tangawizi na nduma pia huvumilia kivuli, mradi udongo usikauke.

Tena tukipime kivuli chenyewe. Mstari wa ikweta unapita katika Kaunti ya Meru, na Embu iko kusini yake kidogo tu. Kwa hiyo jua letu la mchana halitoki mbali na utosi. Ukuta wa futi 10, hata mwezi wa Juni au Desemba jua linapoinama zaidi, hutupa kivuli cha futi 4 na kidogo tu saa sita mchana. Na kivuli hicho huhama. Tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini wa nyumba. Miezi mingine liko kusini. Basi mvua za Machi panda upande wa kaskazini, na mvua za Oktoba panda upande wa kusini.

Kama nyuma ya nyumba yako pana giza mwaka mzima, usiulaumu ukuta. Ni miti, na mti una dawa yake: panga. Mgrivea, ule tunaouita mukima, uliletwa kutoka Australia, nao huvumilia kukatwa matawi. Kabla ya mvua kata matawi ya chini, uache theluthi ya juu. Mboga zitapata mwanga, na jiko litapata kuni. Taabu mbili za Mwea zitapungua kwa kazi ya siku moja.

Lakini jihadharini na mambo matatu. Kwanza, msipande mboga katikati ya kahawa au miraa inayopuliziwa dawa. Dawa ya mti huangukia majani mtakayokula. Pili, msipande karibu na mkaratusi, kwa kuwa mizizi yake hunywa maji yote. Tatu, kivulini unyevu hukaa na konokono hupenda kujificha. Pandeni kwa nafasi, na mkawaokote usiku kwa taa.

Sasa nasema neno ambalo huenda baadhi ya mabwana wasilipende. Mahali pale nyuma ya jiko tumpe mama wa nyumba, pawe pake kabisa. Nimeona mama akitengeneza matuta mazuri, na msimu uliofuata bwana akapanda majani ya ng'ombe juu yake, kwa kuwa bei ya maziwa ilipanda. Nani atakayetia samadi mwaka wa pili katika ardhi ambayo inaweza kuchukuliwa wakati wowote? Hatua kumi kwa hatua kumi hazitampunguzia mtu utajiri wake wa kahawa.

Kama hamniamini, fanyeni kama karani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki, mwandike kila shilingi inayonunua mboga na dania kwa mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi bwana na bibi wakae pamoja, wajumlishe, kisha waende wote wawili nyuma ya jiko wapatazame tena. Nadhani bwana atarudi ndani kutafuta panga, na mama atakwenda kutafuta mbegu.