Seng'enge Haizai Matunda

Hoja iliyochapishwa ikitaka mihothoni, miti ya miiba inayotumika kama ua, ing'olewe kwenye mipaka ya mashamba ya Uingereza, na seng'enge ichukue nafasi yake, imehesabu gharama ikasahau faida.

Mwandishi wake anauita mti huo kichaka kilichojiotea. Ni kweli hujiotea, maana ndege humeza matunda na kuangusha mbegu. Lakini mingi ya mihothoni anayoilalamikia ilipandwa kwa mikono, hasa kati ya 1750 na 1850, Bunge lilipopitisha sheria za kugawa ardhi ya pamoja na mipaka ikahitaji kuzungushiwa.

Anadai pia kwamba ua huo huzeeka ukatoboka. Ukiachwa, ndiyo. Mafundi wa vijijini hukata shina karibu na ardhi bila kulitenganisha, wakalilaza, na machipukizi mapya huziba pengo. Waya uliooza hauchipui!

Mwezi Mei mti hufunikwa na maua meupe yanayolisha nyuki. Majira ya baridi matunda yake mekundu, kila moja na kokwa moja, huwashibisha ndege wanaohamia huko kutoka Skandinavia. Anayepogoa kila mwaka hupoteza yote hayo, kwa sababu maua hutoka kwenye matawi ya mwaka uliotangulia. Apumzishe mkasi miaka miwili au mitatu.

Nchini New Zealand, ambako mti huu ulipelekwa na walowezi, kuudhibiti ni haki. Lakini kwao Ulaya ni mwenyeji, na mhothoni wa Hethel, Norfolk, Uingereza, unakadiriwa kuwa na miaka 700.