Waunda programu wakae kwanza na wauzaji wa Forodhani

Kila jioni jua linapokuchwa, wauzaji wa vyakula hupanga meza zao katika bustani ya Forodhani, mjini Zanzibar. Kuna mishkaki, pweza, mihogo, juisi ya miwa na ile chapati ya kukaanga yenye nyama na mayai ambayo wageni huiita piza ya Zanzibar. Mpaka usiku mkubwa fedha hupita mikononi mwa wauzaji hao mara nyingi. Lakini ukimuuliza mmoja wao asubuhi yake kwamba jana alipata faida kiasi gani, si ajabu akakujibu kwa kukisia.

Wahenga walikwishatuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hasara ya kukisia haionekani siku moja. Huonekana pale mtaji unapopungua bila sababu kujulikana, au pale mfanyabiashara anapokwenda kuomba mkopo, akaulizwa kumbukumbu za mauzo yake, akabaki kumtazama ofisa usoni.

Dawa ya tatizo hili ipo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Vijana wetu wanasoma kompyuta, wakiwemo walioko Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na kuandika programu ndogo ya kujumlisha manunuzi na mauzo ni kazi ambayo kijana aliyejifunza vizuri anaweza kuimaliza katika siku chache. Wengi huanza na Python, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Jina lake halikutokana na chatu, bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Lugha hiyo hutolewa bure, maelekezo yake ni mafupi, na ndiyo iliyotumika kuundia Django, zana ya kutengenezea tovuti ambayo watumiaji wake wa Afrika walikutana hapa hapa Zanzibar Novemba 2023.

Kwa hiyo ujuzi tunao. Linalokosekana ni hatua ya mwisho, ile ya kuitoa programu mikononi mwa aliyeiandika na kuifikisha mikononi mwa mtu ambaye hajui programu ni nini wala hana haja ya kujua.

Tuchukue mfano. Kijana anamwandikia shangazi yake, muuza pweza, programu ya kuweka hesabu. Kwenye kompyuta yake mwenyewe inakwenda vizuri. Anafungua dirisha jeusi, anaandika amri, anajaza namba na faida inatoka. Anaipeleka kwa shangazi. Kwanza, kompyuta ya kule haina Python, hivyo haifunguki. Siku ya pili anaiweka Python, lakini shangazi analitazama lile dirisha jeusi na kuuliza, "Mwanangu, sasa hapa nabonyeza wapi?" Siku ya tatu anaandika mauzo yake kama anavyoyaandika siku zote, yaani 15,000, na programu inakatika. Python, isipofundishwa vinginevyo, haiitambui namba yenye mkato katikati. Mistari ya Kiingereza inajaa kwenye kioo. Shangazi anadhani ameharibu mashine ya watu, anaomba radhi na kurudi kwenye daftari lake la karatasi.

Kijana naye huondoka akisema kwamba watu wetu hawataki teknolojia. Sisi hatukubaliani naye. Shangazi huyo huyo hupokea na kutuma fedha kwa simu kila siku, na hakuna aliyempeleka chuo kujifunza.

Historia ya huduma hiyo ina somo kubwa. M-Pesa ilipoanza kufanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha kulipa marejesho yao. Utaratibu wake ulikuwa na mambo mengi. Waliokuwa wakiijaribu wakaonekana wanaitumia kwa jambo jingine kabisa, nalo ni kutumiana fedha wao kwa wao. Waundaji hawakuwalaumu. Walipunguza mambo, na ilipozinduliwa Machi 2007 huduma ilijengwa juu ya jambo moja ambalo kila mtu alilielewa, yaani kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Huduma hiyo iliwafikia mamilioni kwa sababu waundaji wake walikubali kuongozwa na watumiaji.

Somo la pili linatoka hapa nchini. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, maana ilithibitisha kwamba kompyuta inaweza kusema lugha yetu. Mwenye kuandika programu leo hana sababu ya kumwekea muuzaji wa Forodhani vitufe vya Kiingereza.

Hata hivyo, kutafsiri vitufe hakutoshi. Programu inapaswa kujua maneno na desturi za kazi yenyewe. Mwenye shamba la karafuu humlipa mchumaji kwa pishi ya karafuu mbichi, kisha huuza karafuu kavu kwa kilo katika Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC). Programu inayouliza kilo peke yake haimfai, hata ikiandikwa kwa Kiswahili fasaha, kwa sababu gharama yake kubwa ya uchumaji haina pa kuingia. Mama anayelima mwani kule Paje anataka kutenganisha mwani wa aina moja na mwingine, maana bei zake hazilingani.

Forodhani nako kuna yake. Muuzaji huhesabu usiku mmoja kuwa biashara moja, hata kama mteja wa mwisho amekuja saa 7 usiku. Kompyuta hubadilisha tarehe saa 6 usiku. Programu isiyolijua hilo itaigawa biashara ya usiku mmoja katika siku mbili: gharama zote zibaki Ijumaa na sehemu ya mauzo ihamie Jumamosi. Hesabu itakuwa sahihi kwa kompyuta na ya uongo kwa mwenye mali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kijana ambaye hajakesha japo usiku mmoja nyuma ya meza ya pweza hawezi kuyajua haya akiwa chumbani kwake.

Tungependa basi kuwakumbusha waundaji wa programu mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wao.

Kwanza, mtumiaji asilazimike kuweka Python wala kuandika amri. Ipo zana ya bure iitwayo PyInstaller, ambayo hukusanya programu pamoja na vyote inavyovihitaji na kuvifunga katika faili moja la kubofya. Faili la kutumika kwenye Windows litengenezwe kwenye Windows. Badala ya dirisha jeusi, Python ina Tkinter kwa ajili ya kuunda dirisha la kawaida lenye visanduku na vitufe. Na kwa kuwa wauzaji wengi wana simu badala ya kompyuta, huenda ikafaa zaidi kuiweka programu mahali pamoja na kuwaachia waifungue kama ukurasa wa intaneti, kazi ambayo Django au Flask huifanya vizuri.

Pili, programu ipokee namba kama watu wanavyoziandika. Iwe ni 15000, 15,000 au 15,000/=, kuondoa mkato na alama ni kazi ya mistari miwili mitatu tu. Anayepaswa kuhangaika ni mwandishi mara moja, si shangazi kila usiku.

Tatu, makosa yaelezwe kwa lugha ya mtu. "Hujaandika bei ya kununulia, iandike hapa kisha endelea" ni ujumbe unaosaidia. Mistari ishirini ya Kiingereza humtisha asiye na kosa.

Nne, kila kinachoandikwa kihifadhiwe papo hapo, bila kungoja mtu abonyeze kitufe cha kuhifadhi. Sisi wa Unguja hatuhitaji kukumbushwa habari za umeme. Tulikaa gizani takriban miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Programu inayopoteza mauzo ya usiku mzima kwa sababu umeme umekatika dakika moja haitapewa nafasi ya pili. Iwezekane pia kuchapa hesabu kwenye karatasi, ili siku mashine ikigoma biashara isisimame.

Tano, na hili ndilo kubwa, mwandishi amkabidhi muuzaji programu, akae pembeni na anyamaze. Asimwelekeze wala asimshike mkono. Kila mahali muuzaji anaposita pana kosa la programu, na kosa hilo liandikwe na kurekebishwa. Saa moja ya kukaa kimya namna hiyo hufundisha zaidi ya wiki nzima ya kubuni.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanaongeza kazi, na kwamba kijana aliyelipwa kidogo, au ambaye hakulipwa kabisa, hawezi kuyafanya. Hoja hiyo ina ukweli. Kazi ya kuifanya programu itumike na kila mtu huweza kuchukua muda mrefu kuliko kuandika hesabu zenyewe, na isipolipiwa haitafanywa. Lakini hapo lawama haiwaendei vijana peke yao. Sisi wafanyabiashara na wakulima tuna tabia ya kumlipa fundi wa jiko bila ubishi, kisha tukamwambia fundi wa kompyuta kwamba yake ni "mambo madogo tu". Mkataba uwe wazi tangu mwanzo: bei ya kutengeneza, bei ya kurekebisha na muda wa kuhudumia.

Nasi wanunuzi tujifunze kuuliza kabla ya kutoa fedha. Je, naweza kuifungua mwenyewe wewe ukiwa haupo? Hesabu zangu zinawekwa wapi, na nani mwingine anaweza kuziona? Nikitaka kuziondoa na kuzipeleka kwingine, nitaweza? Simu au kompyuta ikiibiwa, nakala ipo? Asiyeweza kukujibu hayo kwa lugha unayoielewa hajamaliza kazi yake. Wanaopendelea wanaweza kuungana watano au kumi, wachangie gharama za programu moja inayowafaa wote, badala ya kila mmoja kununua yake.

Tunatoa wito pia kwa vyuo vinavyofundisha kompyuta. Mwanafunzi anapowasilisha programu yake apimwe kwa swali moja la nyongeza: mtu asiyejua programu ameitumia mwenyewe, bila msaada, kwa muda wa wiki moja? Kama jibu ni hapana, alama zipungue. Forodhani ipo, mashamba yapo, na mwani upo. Wa kuwajaribia hawakosekani.

Programu inayofanya kazi kwenye kompyuta ya aliyeiandika tu ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki itathibitika usiku ule shangazi atakapofunga meza yake, akajaza mauzo bila kumpigia mtu simu, na akajua kabla ya kulala kwamba pweza wa leo wamempa faida au wamemla mtaji.