Usiku wa Kwanza Baada ya Sindano

JICHO LA JUMAPILI
Na Zainabu Mhando

Mtoto wa wiki 6 hupelekwa kliniki asubuhi akiwa mzima, na usiku huo huo joto linapanda. Paja limevimba, haliguswi. Kilio chake si kile cha njaa ambacho mama ameshakizoea. Ni kikali, na titi halikinyamazishi. Baba anaamka, anamshika mtoto kipajini, kisha anasema maneno ambayo nimeyasikia Tanga, nikayasikia Temeke na Singida: “Mtoto alikuwa mzima, umempeleka kliniki umerudi na mgonjwa.” Mama hana la kujibu, kwa sababu asubuhi ile hakuna aliyempa jibu.

Leo nataka kumsemea mama huyu. Kwanza tuache kumwita mpinga chanjo. Mwanamke aliyeamka alfajiri, akafunga mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi la zahanati mpaka saa sita mchana, hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa chanjo. Ameukubali kwa miguu yake. Alichokosa ni maneno machache kabla hajarudisha kadi mkobani: usiku wa leo huenda ukawa hivi, fanya hivi, na ukiona hivi rudi.

Joto lile lina sababu yake. Sindano ya pentavalenti, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2009, inakinga magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na maradhi yanayoletwa na bakteria wa Hib, yaani nimonia na homa ya uti wa mgongo. Homa na uvimbe vinatokana zaidi na sehemu ya kifaduro. Chanjo tunayoitumia sisi ina bakteria mzima aliyeuawa, na mwili wa mtoto ukikutana naye unapambana kwelikweli. Kwa kawaida hali hiyo hutulia ndani ya siku moja au mbili. Nchi nyingi tajiri zilihamia chanjo yenye vipande vichache tu vya bakteria huyo. Homa yake ni ndogo, lakini bei yake ni kubwa na kinga yake hufifia mapema zaidi. Shirika la Afya Duniani limezishauri nchi zinazotumia chanjo ya bakteria mzima ziendelee nayo, na mimi naafiki. Ila tukiri gharama ya uamuzi huo inamwangukia nani. Inamwangukia mama mwenye mtoto wa kilo 5, usiku, peke yake, na bado ana dozi za wiki ya 10 na ya 14 mbele yake. Kumficha ni kumdhulumu.

Chanjo nyingine zina nyakati zake. Ile ya kifua kikuu, BCG, anayopewa mtoto anapozaliwa, huleta kipele begani wiki kadhaa baadaye, kikatunga usaha, kikaacha kovu. Mama asiyeambiwa ataona kidonda na kukipaka majivu, ilhali kinatakiwa kuachwa kikauke chenyewe. Surua na rubella ya miezi 9 ndiyo inayochanganya zaidi: usiku wa kwanza mtoto analala vizuri, kisha baada ya wiki moja au zaidi kidogo inakuja homa na vipele, wakati nyumba nzima imeshaisahau sindano. Bibi anasema ni surua yenyewe, na hakuna wa kumbishia.

Mama akirudi kuuliza, jibu analopata mara nyingi ni “Ni kawaida, mama.” Mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Katika nchi yenye malaria, homa inayofika siku ya tatu isihesabiwe kuwa ya chanjo mpaka mtoto apimwe. Anayekataa kunyonya, anayepumua haraka haraka, aliyelegea, aliyepata degedege, au anayelia kwa saa tatu mfululizo bila kubembelezeka, arudishwe kituoni saa hiyo hiyo. Na ule mzio mkali unaotisha kuliko yote ni nadra sana, hutokea kiasi cha mara moja katika dozi milioni, na mara nyingi ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu mama anaambiwa akae kidogo kabla ya kuondoka. Wengi hudhani wamewekwa kwenye foleni nyingine, wanachoka, wanakwenda zao. Sentensi moja tu ingewatuliza wakakaa.

Kuhusu dawa ya homa, kuna jambo linanisikitisha. “Mpe Panadol” si maelekezo. Mtoto amepimwa uzito asubuhi hiyo hiyo, kilo zake zimeandikwa kwenye kadi; inashindikana nini kuandika pembeni ni mililita ngapi za dawa ya maji, na baada ya saa ngapi? Wapo pia wanaoinunua njiani na kumnywesha mtoto kabla ya sindano ili wawahi homa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Jamhuri ya Cheki ulionyesha kwamba watoto waliopewa parasetamoli kwa utaratibu wa namna hiyo walitengeneza kinga pungufu kidogo. Dawa isubiri homa ije na mtoto asumbuke. Kunyonyesha mara kwa mara, nguo nyepesi, kitambaa safi chenye maji ya baridi pajani: hayo yanatosha kwa wengi. Kukanda paja kwa maji ya moto kunamwongezea maumivu.

Wanaofikiri kwamba kuzungumzia maudhi ya chanjo ni kuwatisha watu, waitazame Japani. Mwaka 1975 nchi hiyo ilisimamisha kwa muda chanjo ya kifaduro baada ya watoto wawili kufariki mara tu baada ya kuchanjwa. Ilirejeshwa upesi, lakini imani ya wazazi haikurejea nayo. Uchanjaji uliokuwa karibu asilimia 80 ulishuka hadi karibu 10, na mwaka 1979 watu zaidi ya 13,000 waliugua kifaduro, 41 wakafa. Halafu waitazame Australia. Mwaka 2006 daktari Samuel Berkovic na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima vinasaba watu 14 walioaminika kuharibiwa ubongo na chanjo hiyo hiyo. Kati yao, 11 walikutwa na hitilafu katika jeni liitwalo SCN1A, inayosababisha kifafa kikali cha utotoni. Kwa hiyo wazazi wao hawakuwa waongo. Degedege walililiona, na homa ya sindano huenda ndiyo iliyolichokoza, lakini chanzo chake watoto walizaliwa nacho. Jibu hilo lilipatikana kwa kuchukua simulizi za wazazi na kuzichunguza, baada ya miaka mingi ya watu kugombana juu yake.

Hapa kwetu njia ya kupeleka simulizi hizo ipo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo. Lakini fomu haijazwi kama mama amekaripiwa, “Wenzako mbona hawalalamiki?” Safari ya pili atanyamaza. Ya tatu pengine hatakuja kabisa, na kwenye takwimu ataandikwa mtoro.

Najua manesi wetu ni wachache na benchi huwa limejaa. Sidai darasa la mtu mmoja mmoja. Kliniki nyingi hutoa elimu ya afya asubuhi kabla ya kupima uzito. Dakika tano za hapo zitumike kueleza homa, paja, kipele na dalili za hatari, kwa lugha ya nyumbani, na kina baba waliofika wasiachwe nje chini ya mti. Kisha wiki ya 10, kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba, nesi amuulize kila mama: “Safari iliyopita alikuwaje?” Wengi watasema alichemka siku moja akapoa, na sindano itaendelea. Atapatikana mmoja mmoja aliyepata degedege au aliyezimia baada ya dozi ya kwanza. Huyo aonwe na daktari kwanza, ambaye ataamua aendelee vipi, na sababu iandikwe kwenye kadi kwa mwandiko unaosomeka, ili hata akihamia mkoa mwingine nesi wa huko aione.