Mgonjwa Aulizwe Kwanza



Likizo iliyopita, nyumbani Kidete, nilimtembelea mzee mmoja wa jumuiya yetu. Saratani ya tumbo ilikuwa imemrudia baada ya matibabu. Watoto wake walinivuta pembeni: "Frateri, baba hajui. Usimwambie." Nilipoingia ndani, mzee akaniuliza, "Mwanangu, hizi dawa ni za nini?" Nikanyamaza.

Saratani hiyo ikirudi, madaktari hujaribu kuunganisha dawa. Katika utafiti uitwao RAINBOW, uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 665 ambao tiba ya kwanza ilikuwa imeshindwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipewa paklitakseli. Nusu wakaongezewa ramusirumabu. Kwa kipimo cha kati, walioongezewa waliishi miezi 9.6, wenzao miezi 7.4. Baadhi ya madhara, kama shinikizo la damu, yaliongezeka pia.

Miezi miwili ni kitu? Kwa mmoja ni muda wa kuungama, kupatanisha watoto na kugawa shamba. Kwa mwingine ni kutapika Dar es Salaam, mbali na nyumbani. Anayeweza kujibu ni mgonjwa mwenyewe.

Wapo wanaosema majaribio ni kuwafanya watu panya. Hofu hiyo naielewa. Lakini dawa tunazozitegemea leo zilijaribiwa kwanza kwa wagonjwa waliotutangulia, wakiwemo majirani zetu: Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilipima michanganyiko ya dawa kwa watoto wenye uvimbe wa Burkitt. Katekisimu, namba 2295, inakataza jaribio lenye hatari isiyo na uwiano, na inadai ridhaa ya mhusika. Namba 2278 inaruhusu kuacha tiba yenye mzigo uliopita kiasi, na inasema uamuzi ni wa mgonjwa akiwa na uwezo wa kuamua.

Sasa, aliyefichwa ugonjwa wake ataridhia nini? Hawezi kukubali jaribio wala kulikataa. Tunamficha kwa upendo, lakini tunamnyang'anya maamuzi yake ya mwisho.

Yule mzee alifariki kabla sijarudi Kidete. Pengine angetaka kujaribu, pengine angeomba Mpako wa Wagonjwa na kubaki nyumbani. Hatukumuuliza, nami nikiwemo.

Ndugu zangu, kama mna mgonjwa nyumbani, mkalisheni, mwambieni ukweli kwa upole, kisha msikilizeni.