Wanaolaumu waraibu wasome hili

Inaniuma kila ninaposikia kwamba mraibu ni mtu asiye na msimamo, eti "mbona fulani alijaribu akaacha?" Mwaka 1999 mtafiti Nora Volkow na wenzake, huko Marekani, waliwadunga wanaume 23 wenye afya dawa ya kusisimua ubongo iliyomo kwenye vidonge vya Ritalin, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito. Hakuna aliyekuwa na historia ya uraibu. Baadhi walisikia raha, wengine walikereka kabisa. Picha za ubongo zilizopigwa kabla ya sindano zilionyesha kwamba walioburudika walikuwa na vipokezi vichache vya dopamini (kemikali ya ubongo), vile vya aina ya D2; waliokereka walikuwa navyo vingi.

Na tofauti hiyo si suala la kuzaliwa tu. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, waliripoti kwamba kima wa maabara waliowekwa kundini wakawa wababe waliongezekewa na vipokezi hivyo, na kokeini haikuwavutia kama ilivyowavutia wanyonge wao.

Kwa hiyo kijana akikwambia yeye alionja dawa za kulevya asione kitu, usimchukulie kuwa kipimo. Ubongo wake si wako. Na aliyenasa msaidieni afike kliniki, msimtukane.