Tusimfungashie Padre mchele wa kwenda India



Padre wetu kijana, mzaliwa wa hapa Ubaruku, anaondoka mwezi ujao kwenda Bengaluru, India, kwa masomo ya miaka mitatu. Habari ilitangazwa Jumapili baada ya Komunyo. Kufikia Jumanne jioni nyumbani kwa mama yake palikuwa na ndoo mbili za mchele, karanga, dagaa wa Mtera, blanketi zito la baridi na jogoo mmoja. Kuhusu jogoo tumekwisha elewana, ataliwa kabla ya safari. Hayo mengine ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Sisi ni wanajumuiya wenzake. Wengi wetu ni wakulima wa mpunga, na mmoja ni frateri aliyeko likizo, ndiye aliyetushika mkono katika kuandika. Tunasema wazi kwamba Padre asibebeshwe mizigo. Wapo watakaodhani tumekuwa wachoyo. Hapana. Tunasema hivyo kwa sababu tuliwahi kufunga begi la kwenda India kwa mikono yetu wenyewe, na lile begi nusura limgharimu mtu uhai.

Ilikuwa mwaka 2016. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na figo zilizoshindwa kufanya kazi, na dada yake alikubali kumpa moja ya kwake. Wakati huo Muhimbili haikuwa imeanza kupandikiza figo, ilianza Novemba 2017. Njia ilikuwa India, Chennai, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Tulichanga. Kisha, kwa kuwa tuliwapenda, tukafungasha. Kila nyumba ilileta kitu. Nyaraka zote tuliziweka katika bahasha moja, tukaisokomeza chini kabisa ya begi, katikati ya mchele, ili isikunjike. Wazo hilo lilitoka kwetu na tulilisifu sana.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa kwetu halioni mpaka afike Dar es Salaam. Mazoea yetu ya kufungasha tumefundishwa na basi. Ukitoka Ubaruku mpaka barabara kuu ya TANZAM, hakuna anayekuuliza kilo. Utingo anasukuma kila kitu kwenye buti, mkibishana mnabishana shilingi elfu tano, safari inaendelea. Ndege haina utingo. Tiketi zao ziliruhusu kilo 23 kila mmoja, na begi la mgonjwa lilikuwa na kilo 31. Nyuma yao kulikuwa na foleni ndefu, na mgonjwa mwenyewe alikuwa hawezi hata kusimama vizuri. Kaka yao aliyewasindikiza akachomoa kiroba cha mchele kwa haraka, akakirudisha Ubaruku kwa basi. Bahasha ilikuwa ndani ya kiroba hicho.

Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo haichezewi. Anayetoa figo na anayepokea wakiwa ndugu, undugu huo lazima uthibitishwe kwa vyeti, na kwa wageni zinahitajika pia barua za ubalozi. Sheria iliwekwa kuzuia watu maskini wasinunuliwe figo, na sisi Wakristo hatuwezi kuilalamikia. Ila kwa ndugu zetu wawili, waliofanana sura kama mapacha, bila bahasha hapakuwa na undugu. Simu ilipopigwa kutoka Chennai, mchele wa kile kiroba ulikuwa umeshaliwa nusu. Bahasha tuliikuta chini, haikuwa na hata kunyanzi moja.

Kuituma kulichukua muda, na taratibu za kamati zikaanza upya. Majuma matatu yalipotea, na katika majuma hayo mgonjwa alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa juma kwa fedha iliyokuwa ya chumba na chakula. Tukachanga tena. Ulikuwa wakati wa mavuno, bei ya mpunga iko chini, na mmoja wetu aliuza ng'ombe wa kulimia. Mwalimu alirudi mzima, na Jumapili bado anatugombeza kwa kuimba sauti ya pili vibaya. Dada yake hajawahi kutulaumu hata kwa neno moja.

Kwa hiyo mtuwie radhi tunaposikia watu wakipima mchele.

Tena mchele kwenda India! Kule kusini wanakula wali asubuhi, mchana na jioni. Chapati ni za kwao, na hata jina wao ndio waliotupa sisi. Achari ni yao. Wanahesabu laki kama sisi, na laki yao ni 100,000 ileile. Mtu wa Ubaruku hatakufa njaa huko, atakachokosa labda ni ugali. Mama mmoja alipendekeza basi tumpe majani ya chai ya Rungwe. India, jamani, ni miongoni mwa nchi zinazolima chai nyingi kuliko zote duniani. Mwingine akasema kahawa ya Mbozi. Bengaluru ni mji mkuu wa Karnataka, jimbo linaloongoza kwa kahawa nchini India. Tulicheka, lakini fundisho lilikuwa pale pale: vingi tunavyovihesabu kuwa vyetu peke yetu, kule vipo.

Blanketi nalo libaki. Bengaluru iko mita kama 900 juu ya bahari, haina baridi ya Mbeya mjini wala ya Njombe. Sweta moja jepesi linatosha. Mvua kubwa za kule huanza Juni, wakati sisi huku tunavuna kukiwa kukavu, kwa hiyo mwavuli atauhitaji mapema kuliko anavyodhani, na mwavuli atanunua palepale. Kanzu nyeupe mbili. Ndala nzuri, kwa kuwa katika makanisa mengi ya kusini mwa India watu huvua viatu mlangoni. Soketi zao si kama zetu nyingi za miguu mitatu bapa, hivyo achukue kigeuzi kidogo cha kuchajia simu. Mtu akituuliza kuhusu mama anayesindikiza mgonjwa, tunamjibu kwa neno moja: kanga. Doti moja ya kanga ni shuka, ni taulo, ni pazia la kujisitiri wodini, na uzito wake hausumbui mizani.

Kisichopunguzwa ni karatasi. Pasipoti, viza, barua ya chuo, vyeti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano (India huidai kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo, na ndege zetu nyingi hupita Nairobi au Addis Ababa), picha ndogo za kutosha, na nakala za vyote hivyo kwenye mkoba tofauti na kwa mtu aliyebaki nyumbani. Mwenye viza ya kukaa zaidi ya siku 180 hutakiwa kujiandikisha ofisi ya wageni ndani ya siku 14 tangu kuwasili, na pale hakuna atakayemuuliza kuhusu karanga. Karatasi zikae mwilini. Mama wa Padre ameshashona mfuko wa kitambaa wa kuvaa shingoni, chini ya shati.

Frateri wetu alitukumbusha habari za Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Alitoka Lisbon Aprili 7, 1541, siku aliyotimiza miaka 35, akapita Msumbiji na Malindi, pwani yetu hii, akafika Goa Mei 6, 1542. Mfalme wa Ureno aliagiza apewe kila kitu cha safari pamoja na mtumishi. Akakubali vitabu vichache na vazi zito la baridi. Lakini barua za Papa Paulo wa Tatu, zilizomtambulisha kama mjumbe wake, hakuziacha, na alipofika Goa alimpelekea Askofu. Sisi mwaka 2016 tulifanya kinyume chake.

Mzee mmoja wa jumuiya ametupinga kwa heshima. Amesema mkono mtupu haulambwi, na kwamba mtoto akiondoka bila kitu kutoka shambani kwa baba yake ni kama amefukuzwa. Hatumdharau. Tumezungumza naye jioni nzima, na ukweli ni kwamba hatukumshinda kwa hoja. Alichokubali ni kwamba mchele uuzwe na fedha yake apewe Padre mkononi, na kwamba WAWATA wamshonee stola ya kitenge, kitu kinachokunjwa kikaingia mfukoni. Blanketi lake, amesema, atalifunika mwenyewe.

Basi Jumamosi saa nne asubuhi tukutane kwenye mashine ya kukobolea. Mizani inayopima magunia yetu kila msimu itapima begi la Padre mbele ya wote, kabla halijaona Dar es Salaam. Likizidi kilo 20 tutalifungua palepale. Bahasha haitakuwemo.