Uzee nao una elimu yake

Mtoto mchanga akiugua katika nchi hii, hospitali kubwa humpeleka kwa daktari wa watoto. Mama mjamzito hupelekwa kwa daktari wa uzazi. Mzee akiugua hupelekwa kwa daktari yeyote aliye zamu, naye daktari huyo, hata awe hodari namna gani, mara nyingi hakupata kufundishwa kwa kina jinsi mwili wa binadamu unavyobadilika baada ya miaka 60. Hili ni pengo kubwa katika elimu ya udaktari ya Taifa, na wakati wa kuliziba umefika.

Si haki kusema kwamba Serikali imewasahau wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ikaweka msingi wa matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo. Hospitali na vituo vya afya vikaagizwa kutenga madirisha na vyumba kwa ajili yao, na vibao vya kuwaomba vijana wawapishe wazee vimebandikwa ukutani. Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini dirisha humwondolea mzee adha ya foleni tu. Akishalipita, hukutana na mtaalamu ambaye hakuandaliwa kwa ajili yake.

Ukubwa wa jambo hili huonekana katika hesabu. Sensa ya mwaka 1967 ilikadiria kwamba Mtanzania aliyezaliwa wakati ule angetarajia kuishi miaka 42 hivi. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa matarajio hayo yamevuka miaka 60. Mwaka huo wazee walikuwa zaidi ya milioni 2.5, sensa ya mwaka 2022 ikawakuta karibu milioni 3.5. Kuongezeka huku ni matunda ya chanjo, maji safi, zahanati za vijijini na elimu ya watu wazima. Taifa lililofanya kazi kubwa ya kuwafikisha watu wake uzeeni haliwezi kuwaacha mlangoni.

Na uchukuliwe mfano wa bibi wa miaka 75 katika kijiji kimoja cha upande wa Maneromango, Wilaya ya Kisarawe. Watoto wake wamekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, naye amebaki na wajukuu wawili, shamba la muhogo na mikorosho michache. Siku moja anakataa chakula. Siku ya pili anaita watu waliokwisha kufa. Usiku anaanguka akienda uani. Hana homa wala hakohoi. Jirani mmoja husema ni uzee tu. Mwingine hunong'ona maneno mabaya zaidi, kwa kuwa ajuza anayezungumza peke yake usiku hushukiwa upesi. Zahanati humpima malaria, haionekani, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Daktari aliyesomea maradhi ya wazee angeshuku kitu kingine. Yeye anajua kwamba kichomi cha mzee huweza kuja bila homa na bila kikohozi, kikajitokeza kama kuchanganyikiwa kwa ghafla au kuanguka. Anajua kwamba kuchanganyikiwa kwa siku mbili si sawa na kupotewa na kumbukumbu kwa miaka miwili: la kwanza mara nyingi hutibika, mradi chanzo chake kitafutwe mapema. Angeuliza pia ni dawa gani bibi anazomeza, na hapo huenda angegundua mengi.

Maana figo za mzee hazisafishi damu kwa kasi ya ujanani, na dawa hukaa mwilini mwake muda mrefu. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari kinachotumika sana, huweza kushusha sukari ya mzee asiyekula vizuri hadi azimie. Diklofenaki, inayonunuliwa dukani kwa ajili ya magoti na kiuno, huweza kupandisha shinikizo la damu, kudhuru figo na kutoboa tumbo. Dawa ya shinikizo ikizidi humfanya mzee apate kizunguzungu anaposimama, akaanguka, akavunjika nyonga. Kila moja ya dawa hizo iliandikwa kwa nia njema, pengine na mtu tofauti. Aliyekosekana ni mtu wa kuzitazama zote kwa pamoja.

Elimu hii si ngeni duniani. Jina lake la kitaalamu lilibuniwa mwaka 1909 na Ignatz Nascher, daktari wa New York. Lakini aliyeonyesha kazi yake ni Marjory Warren wa Uingereza. Mwaka 1935 alikabidhiwa wodi za wagonjwa wa muda mrefu katika hospitali ya West Middlesex, zilizokuwa na mamia ya watu, wengi wao wazee waliolazwa miaka mingi kwa kudhaniwa kuwa hawana tiba. Alimpima kila mmoja upya, akawatenganisha kwa maradhi yao, akawainua vitandani na kuwafundisha kutembea tena. Wengi walirudi makwao. Hakuwa na dawa ya miujiza. Alichokuwa nacho ni imani kwamba uzee peke yake si ugonjwa, na kwamba nyuma ya neno hilo pana maradhi yanayotajika na kutibika.

Hapa nchini pia ushahidi upo. Uchunguzi uliofanyika mwaka 2010 katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, miongoni mwa watu wa miaka 70 na zaidi, ulikadiria kwamba 6 hivi katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupotewa na akili za uzeeni. Ni dhahiri kwamba wagonjwa wa namna hiyo wamo Kisarawe na Kibaha pia, nao wakikosa mtu wa kuutambua ugonjwa wao, hubaki mikononi mwa uvumi. Taifa hili linakumbuka kwa huzuni vikongwe waliouawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa tuhuma za uchawi. Hivyo, daktari anayeweza kulitaja jina la ugonjwa mbele ya ukoo mara nyingine huokoa maisha hata kabla hajatoa dawa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba watoto na mama wajawazito bado wanakufa, na fedha ni chache. Hoja hiyo ni nzito, lakini haidai mzee anyang'anywe daktari, bali elimu ipangwe kwa busara. Wengine watasema kuwa mzee wa Kiafrika hutunzwa na watoto wake. Ni kweli, na desturi hiyo haina budi kulindwa. Hata hivyo, upendo wa mtoto hauwezi kupima figo, na mwana aliyeko Kariakoo hawezi kumwinua mama yake aliyeanguka Maneromango.

Kosa la kuepuka ni kusomesha mabingwa wachache na kuwakusanya wote Muhimbili. Daktari husoma miaka 5, akafanya mazoezi mwaka 1, na ubingwa humdai miaka 3 mingine hivi. Kwa hiyo mabingwa wa wazee watakuwa haba kwa muda mrefu, na kazi yao ya kwanza yafaa iwe kufundisha. Somo la afya ya wazee liwe la lazima, lenye mtihani, kwa kila mwanafunzi wa udaktari, tabibu na uuguzi.

Mkoa wa Pwani wafaa kuwa mahali pa kuanzia. Kibaha ilijengwa kwa kazi ya namna hii: mradi ulioanza mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Ulaya ya Kaskazini, ukakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, ulikusudiwa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini mahali pamoja. Hospitali ya Tumbi ipo, na matabibu hufundishwa papo hapo Kibaha. Bingwa mmoja akiwekwa Tumbi, akawa na siku zake za kwenda hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, akawafundisha matabibu na wahudumu wa afya wa vijijini kuuliza maswali machache ya lazima (umeanguka lini, unameza dawa gani, unaona na kusikia vipi, nani anakupikia), maarifa yatafika hadi Maneromango bila bibi kulazimika kuyafuata.

Azimio la Arusha lilipodai kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwaweka kando watoto, vilema na wazee wasiojiweza, likakiri kwamba hao wana haki ya kutegemea wengine. Bibi wa Kisarawe alilima, akalea, akachangia nguvu zake katika kujenga shule na zahanati ya kijiji. Leo anarudi katika zahanati ile ile akiwa mgonjwa. Anayemkuta ndani hana budi awe amefundishwa kumtibu.